Kirungu chekundu: historia ya kitu kidogo ndani ya ndeke

Leo sitaongea bei ya unga wala mambo ya umeme. Nataka kuongea juu ya kitu kinachoenea katika kiganja cha mtoto, ambacho siku moja kilisimamisha ndeke nzima mbele ya macho yangu.

Ilikuwa msimu wa mvua, mwanzoni mwa 2006. Nilikuwa nimefika kwa pikipiki kwenye uwanja mmoja wa udongo huko kaskazini mwa Katanga, katika eneo ambalo wakati ule lilikuwa linaitwa pembetatu ya kifo, kati ya Manono, Mitwaba na Pweto. Wale waliopita huko hawahitaji kuelezwa. Vijiji vilikuwa vimechomwa, watu walikuwa wamejaa pembeni mwa uwanja chini ya maturubai, na njia za magari zilikuwa zimekatwa na mvua. Chakula cha wagonjwa na dawa vilikuwa vinakuja kwa ndeke ndogo yenye injini moja. Asubuhi ile ndeke ilitua vizuri, ikashusha mizigo, na ilikuwa irudi Lubumbashi na mtoto aliyeungua kwa maji ya moto pamoja na mama yake.

Rubani alipanda, akakaa kidogo, kisha akashuka tena. Mkononi alikuwa ameshika kirungu chekundu cha plastiki, kimepasuka katikati. Akasema: leo haturuki.

Watu walikasirika, na mimi pia nilikasirika. Injini ilikuwa nzima. Mabawa yalikuwa mazima. Petroli ilikuwemo. Mtu anawezaje kuacha mtoto mgonjwa kwa sababu ya kitu kama kifuniko cha sufuria? Mama mmoja alimwambia rubani kwa sauti: “Baba, kama ni kushika tu, si ufunge kitambaa?” Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kichungu.

Kutoka siku ile nimekuwa nikiuliza mafundi na marubani kila ninapowapata, na nikasoma pia. Nilikuta kwamba kirungu kile kina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo inapita hapahapa kwetu.

Tuanze na kazi yake. Katika ndeke ndogo za injini ya pistoni, mbele ya rubani kuna virungu vya kusukuma na kuvuta. Cheusi, cha mviringo, ni cha nguvu ya injini. Chekundu ni cha mchanganyiko wa petroli na hewa. Ukikisukuma ndani, injini inapata petroli nyingi. Ukikivuta kidogo kidogo, unapunguza petroli. Ukikivuta hadi mwisho, injini inazimika. Nyuma ya kirungu kuna fito nyembamba ya chuma, na fito hiyo inavuta waya unaopita ndani ya mfereji wake hadi kwenye kabureta. Ni mtambo mwepesi, kama breki ya baiskeli.

Kwa nini petroli ipunguzwe? Kwa sababu ya hewa. Likasi na Lubumbashi ziko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na ndeke ikipanda hewa inazidi kuwa nyembamba. Ukiacha petroli ileile ya chini, injini inashiba kupita kiasi: inakohoa, inakosa nguvu, plagi zinashika masizi, na petroli inaisha kabla ya safari. Rubani wa pwani anaweza kusahau kirungu hicho kwa muda. Rubani wa Katanga hawezi.

Kuna sababu ya pili, nayo ndiyo iliyonifunga mdomo nilipoelezwa. Moto ukitokea kwenye injini, au rubani akilazimika kutua porini, kitu cha kwanza anachotafuta ni kukata petroli, na mkono wake unakwenda kwenye kirungu chekundu. Bila kirungu inabaki fito nyembamba, na mkono wenye jasho utateleza juu yake. Kitambaa kingeteleza pia.

Sasa umbo lake. Kirungu chekundu kina meno pembeni, kama kizibo cha chupa ya soda. Cheusi ni laini. Nilidhani ni urembo wa kiwanda, lakini lile umbo limelipiwa kwa maisha ya watu.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wamarekani walikuwa na ndeke kubwa ya mabomu iliyoitwa B-17. Marubani wazuri, waliorudi wazima kutoka vitani, walikuwa wanatua salama na halafu, ndeke ikiwa bado inakimbia chini, wanakunja magurudumu yake wenyewe. Ndeke inalala tumbo, propela zinapinda, wakati mwingine watu wanaumia. Wakubwa waliandika: kosa la rubani. Mwaka 1943 mwanasaikolojia kijana wa jeshi la anga, Alphonse Chapanis, aliingia ndani ya ndeke zenyewe kuangalia. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kutulia zimekaa jirani na zinafanana kabisa. Rubani aliyechoka, macho yake yako njiani, mkono wake unashika ya jirani. Katika ndeke za C-47, ambamo vitu hivyo viwili havikufanana, ajali za namna hiyo hazikuwepo.

Dawa yake ilikuwa ndogo mpaka inaonekana kama mchezo. Alibandika kigurudumu cha mpira kwenye mkono wa magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye mkono wa vibawa. Mkono ukigusa, unajua bila jicho kuangalia. Mwaka 1947 wenzake Paul Fitts na Richard Jones wakachambua visa 460 vilivyoitwa makosa ya marubani, wakaonyesha kwamba vingi vilitokana na jinsi vitu vilivyopangwa mbele ya rubani. Baadaye sheria za Marekani za kutengeneza ndeke zikaweka maumbo hayo kwa maandishi: gurudumu kwa magurudumu, bawa kwa vibawa, mviringo laini kwa nguvu ya injini, meno kwa mchanganyiko. Kwa kuwa ndeke nyingi ndogo zinazotua kwetu zimetoka Marekani, sheria hiyo imekuja nazo mpaka kwenye viwanja vyetu vya udongo.

Niseme jambo la pembeni. Wakati kijana huyo alikuwa anabandika mpira kwenye swichi huko Ohio, madini ya Shinkolobwe, hapa jirani magharibi mwa mji wetu, yalikuwa tayari yamevuka bahari kwenda Marekani kwa kazi ya bomu la atomiki. Historia ya vita ile inatutaja sisi kwa ajili ya shimo la Shinkolobwe tu. Mimi napenda kukumbuka kwamba vita ileile ilizaa pia kitu kilichookoa watu, hata kama ni cha mpira na kina ukubwa wa kidole gumba.

Ndeke zenyewe zilifika Katanga zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndeke nne za majini za aina ya Short, walizopewa na Waingereza, ili kuwapiga Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Zilikuwa za mbao na kitambaa. Zilishushwa Matadi zikiwa vipandevipande ndani ya masanduku, zikapanda reli, zikapanda mashua za mto, zikapanda reli tena, mpaka karibu na Kalemie ya leo. Katikati ya mwaka ule ziliruka na kutupa mabomu Kigoma, ng’ambo ya ziwa. Mmoja wa marubani, Aimé Behaeghe, alifia Niemba Desemba 1916, kwa ugonjwa.

Ninapowaza juu ya masanduku yale, siwazi sana mabomu. Nawaza juu ya fundi. Kitu kikivunjika ndani ya ndeke pale ziwani, kipya kiko Ulaya, miezi kadhaa kwa meli, reli na mto. Atafanya nini? Atachonga. Tangu ndeke ya kwanza iguse maji yetu, shida ya Katanga imekuwa ileile: kitu kidogo kimevunjika hapa, na ndugu yake yuko mbali sana.

Mji wetu ulikuja kuwa jibu la shida ya namna hiyo, ingawa kwa ajili ya migodi. Kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba mwaka 1929, na kule Panda Union Minière ikawa na karakana kuu, ambazo baadaye zilikuwa za Gécamines. Watoto wa siku hizi wanapita wanaona kuta tu. Lakini wazee wetu pale Panda waliyeyusha chuma, wakakereza mihimili, wakachonga gia za mashine ambazo hazikuwa na kipuri kingine popote barani. Mtu alikuwa analeta kipande kilichovunjika ndani ya gazeti, na baada ya siku chache anaondoka na kipya. Hatukuwa mji wa kununua tu, na hilo tusiliache lipotee midomoni mwetu.

Halafu ikafika Septemba 1961, ambapo ndeke moja ndogo ilitikisa mji wetu. Wakati ule uliitwa Jadotville, na Katanga ilikuwa imejitangaza kujitenga. Askari wa Ireland wapatao 155, chini ya Kamanda Pat Quinlan, walikuwa hapa kwa bendera ya Umoja wa Mataifa. Kutoka tarehe 13 hadi 17 walizungukwa na jeshi la Katanga pamoja na mamluki. Wenzao waliojaribu kuja kuwaokoa kutoka Elisabethville walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Na juu yao ilikuwa inakuja Fouga Magister, ndeke ya jeti iliyotengenezwa Ufaransa kwa ajili ya kufundishia wanafunzi, ikitoka Kolwezi.

Katanga ilikuwa imenunua Fouga tatu. Kufikia siku zile ilibaki moja tu inayoruka. Hiyo moja, yenye bunduki mbili na mabomu madogo ya kufungia chini ya mabawa, iliendesha mambo kuliko maelfu ya askari, kwa sababu Umoja wa Mataifa haukuwa na ndeke hata moja ya kivita ya kuikimbiza. Iliwapiga Waairishi hapa, ikaziwinda ndeke za mizigo viwanjani. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndeke yake ilipoanguka karibu na Ndola akienda kutafuta amani ya vita hivyo, na safari ile ilifanyika usiku kwa njia ya kuzunguka kwa sababu moja ikiwa hofu ya Fouga hiyo. Waairishi walijisalimisha bila hata mmoja wao kuuawa, wakaachiliwa mwezi wa Oktoba. Baada ya hapo Umoja wa Mataifa ukaleta ndeke za kivita kutoka Sweden, Ethiopia na India.

Vitabu vinabishana juu ya nani hasa alikuwa akiiendesha Fouga ile. Mimi nauliza swali jingine: nani alikuwa anaitengeneza? Ndeke moja tu, kila siku hewani, haiwezi kuruka bila mtu wa kukaza skrubu, kuangalia mafuta na kubadili kilichopasuka. Kama bisibisi moja ingekosekana Kolwezi wiki ile, pengine hesabu ya Lufira ingekuwa tofauti. Marubani wanapewa majina ya sifa, na fundi anabaki kivuli chini ya bawa.

Na kuna kisa cha madumu. Tarehe 16 helikopta moja ilifaulu kutua hapa, ikiendeshwa na Mnorwe na Mswidi, ikiwaletea Waairishi maji, maana kiu ilikuwa inawaua kuliko risasi. Maji yalikuwa ndani ya madumu yaliyowahi kubeba petroli bila kuoshwa vizuri. Hayakunyweka. Helikopta nayo iliharibika, haikuondoka tena. Watu wawili waliruka juu ya risasi kuleta maji, na kazi yao ikafa kwa sababu ya dumu. Kila nikikumbuka kisa hiki namwelewa rubani wa kirungu kidogo zaidi.

Nirudi kwake. Siku ile, kati ya watu waliokimbia vita na kukaa pale uwanjani, alikuwepo mzee mmoja wa hapahapa Likasi. Alikuwa amekereza vyuma Panda miaka mingi. Mnakumbuka ule mpango wa 2003 na 2004, wa kile walichokiita kuondoka kwa hiari, uliowatoa Gécamines wafanyakazi zaidi ya 10,000? Naye alikuwa mmoja wao. Alichukua pesa zake, akarudi kijiji cha baba yake kulima mihogo, na vita vikamkuta hukohuko. Alikuwa mkimbizi mwenye miwani ya kazi bado mfukoni.

Akamwendea rubani kwa heshima, akaomba kuona kile kirungu. Akakigeuza, akapitisha ukucha ndani ya tundu lake. Halafu akasema: “Baba, hii hesi si ya kwetu.”

Alitueleza sisi tuliokaa karibu. Sisi tulifundishwa na Wabelgiji, tunapima kwa milimita. Ndeke hizi ni za Wamarekani, zinapima kwa inchi. Na mtego uko hapa: kuna hesi moja ya inchi ambayo upana wake ni kama milimita 4.8, na meno yake yanakaribiana sana na ya hesi yetu ya milimita 5. Ukichonga kirungu chenye hesi ya milimita 5, kitaingia kwenye fito ile kama kimezaliwa nayo. Utafurahi. Lakini kitakuwa kinachezacheza. Injini itatikisa, kila saa kitalegea kidogo, na siku ya moto kitabaki mkononi mwako kama hiki. “Kibaya si kile kinachokataa kuingia,” alisema. “Kibaya ni kile kinachoingia.”

Rubani alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. Wakaongea wawili wale kama saa nzima, wakiwa wamechuchumaa chini ya bawa, na mimi nikiandika. Rubani akamwambia kwamba hata mzee angechonga hesi sahihi ya inchi, na alikiri angeweza, bado asingeweza kukifunga. Kila kipande cha ndeke kinapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha kilikotoka, na fundi mwenye kibali anatia sahihi yake kwenye kitabu cha ndeke kwamba amekifunga na kukijaribu. Mzee alikubali habari ya hesi. Habari ya karatasi hakuikubali. Alisema Panda walikuwa na karatasi za kila kazi, na aliyezinyima mikono yake kazi si ubovu wa mikono.

Mimi hapo niko na wote wawili, na sioni haya kusema hivyo. Kuanzia Machi 2006, mwezi mfupi tu baada ya siku ile, Ulaya iliyapiga marufuku makampuni ya ndeke yenye vibali vya nchi yetu yasiruke kwake, na marufuku hayo yaliendelea miaka mingi. Sababu iliyotolewa ilikuwa udhaifu wa usimamizi wa usalama. Wangapi kati yetu wamezika watu kwa sababu fundi fulani mahali fulani alifunga kinachoingia? Lakini nchi yenye karakana kama zile, kuwaacha wakerezaji wake walime mihogo katikati ya vita, na halafu kungoja kipande cha plastiki kutoka ng’ambo, hilo nalo ni hasara, na hakuna aliyeiandika kwenye kitabu.

Kirungu kipya kilikuja siku ya tatu, kwa ndeke nyingine, ndani ya bahasha ndogo yenye karatasi yake. Fundi aliyekuja nacho alimwita mzee asimame karibu aangalie. Alisafisha fito, akakipindisha kirungu mpaka mahali pake, akakaza nati ya kukifunga kwa nyuma. Kisha akakisukuma ndani hadi mwisho, akatuonyesha kwamba kati ya kirungu na ubao ilibaki nafasi ndogo, kama milimita 3. Nilidhani amekosea. Akaeleza kwamba nafasi hiyo inatakiwa: mkono wa kule kwenye kabureta lazima ufike mwisho wake kwanza, kabla kirungu hakijagusa ubao. Kama kirungu kikigusa ubao kwanza, rubani ataamini amesukuma kila kitu, kumbe kule mbele injini bado haijapata petroli yake yote. Alivuta, akasukuma, akavuta tena, mwenzake akiwa ameinama mbele kuangalia mkono wa kabureta. Waliwasha injini, wakaizima kwa kirungu hichohicho. Ndipo akaandika kwenye kitabu na kutia sahihi.

Mtoto na mama yake walipanda. Mtoto alikuwa halii tena, na hiyo ilitutia hofu kuliko kilio. Walifika Lubumbashi mchana ule, na niliambiwa baadaye kwamba alitoka hospitali akitembea.

Kile kirungu cha zamani, kilichopasuka, fundi alitaka kukitupa. Mzee akakiomba. Nilimwona jioni amekaa nje ya turubai lake, amevaa miwani, anapima meno yake kwa kipande cha waya na kuandika namba juu ya boksi la biskuti.